Mgeni Mwenye Duka Dogo

Sheria za nchi nyingi zinawatambua wageni wa aina mbili wanaokuja kutafuta riziki. Yupo mwekezaji, anayepokelewa kwa sababu ya mtaji wake, na yupo mwajiriwa, anayeombewa kibali na kampuni. Katikati yao amebaki mtu asiyeandaliwa kiti: msusi mwenye viti viwili, mwenye duka la vitenge, fundi simu, mama mwenye mgahawa wa meza nne. Fedha zake ni chache mno kumfanya aitwe mwekezaji, na kwa kuwa anataka kujiajiri, hana tajiri wa kumwombea kibali. Hata hivyo ndiye mgeni tunayekutana naye kila siku, Eastleigh ya Nairobi na Kikuubo ya Kampala, Kariakoo ya Dar es Salaam na Guangzhou ya China.

Makala hii inaeleza jinsi mtu huyo anavyoanzisha biashara yake, kuanzia kibali cha kuishi hadi siku ya kufunga. Mfano mkuu ni Afrika Mashariki, eneo ambalo watu wake wamekuwa wenyeji na wageni kwa wakati mmoja: Mtanzania anayemlalamikia Mchina wa Kariakoo ana ndugu anayepanga chumba Guangzhou ili anunue mzigo, na Mkenya anayeandamana Nairobi dhidi ya duka la Kichina ana dada mwenye saluni Ujerumani.

Hadhi ya ukaazi

Watu wengi wanapopanga kufungua biashara nje huanza kwa kuuliza soko likoje. Swali linalopaswa kutangulia ni la muhuri uliogongwa kwenye pasipoti. Kibali cha kuishi kinaweza kumruhusu mtu kulala, kusoma na hata kuajiriwa katika nchi, kisha kikamkataza kuuza hata soda. Makosa mengi makubwa ya wageni huanzia hapo, maana mtu hudhani kwamba akishakuwa na kibali basi ana kibali cha kila kitu.

Marekani inaonyesha jambo hili vizuri. Mgeni anaweza kumiliki kampuni huko bila hata kukanyaga nchi hiyo. Kuifanyia kazi akiwa ndani ya nchi ndiko kunakohitaji ruhusa. Kwa hiyo mwanafunzi kutoka Mwanza mwenye shahada ya uzamili hawezi kusimama kaunta kwenye duka lake mwenyewe kwa visa ya masomo tu, ilhali mkimbizi kutoka Kivu aliyepokelewa rasmi anaruhusiwa kufanya kazi na kujiajiri tangu anapofika. Wakimbizi wa Kongo kwa miaka kadhaa walikuwa miongoni mwa makundi makubwa kuliko yote yaliyopokelewa na Marekani, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Kwa kigezo cha kuanzisha biashara, hadhi yao ina nguvu kuliko cheti cha mwanafunzi.

Kwetu hadhi hizo zinatofautiana mno kati ya nchi na nchi. Uganda, kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, ilimpa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea. Matokeo yake yalipimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, waliochapisha utafiti wao mwaka 2014: jijini Kampala, asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja, na kati ya walioajiriwa, asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Takwimu hizo zinastahili kusomwa mara mbili na kila anayeamini kwamba mgeni mdogo huja kula tu. Kenya kwa miaka mingi iliwabana wakimbizi kambini Kakuma na Dadaab, lakini hata huko biashara ilichipuka: Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilipopima uchumi wa Kakuma na kutoa ripoti mwaka 2018, lilikuta biashara zaidi ya 2,000 na uchumi wenye thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka. Sheria mpya ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 imepanua nafasi ya kujitegemea.

Kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna njia ya pekee. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inatoa haki ya kuanzisha shughuli ya kiuchumi katika nchi nyingine mwanachama, na ibara yake ya 13 inamtaja hadi mtu anayejiajiri. Kenya, Uganda na Rwanda zilienda mbele na kufutiana ada za vibali vya kazi. Kwa maandishi, mshonaji wa Bujumbura ana haki ya kufungua fremu Nairobi. Kwa vitendo, haki hiyo hupita kwanza kwenye sheria za ndani za kila nchi, na hapo ndipo safari inapokuwa ngumu.

Kiwango cha mtaji

Serikali nyingi humchuja mgeni kwa kumtaka aonyeshe fedha. Tumchukue msusi kutoka Kameruni anayetaka kufungua saluni Nairobi. Anachohitaji ni viti viwili, draya, vioo, sinki la kuoshea nywele, kodi ya chumba ya miezi michache na mabunda ya rasta. Kibali kinachomhusu ni cha daraja G, cha biashara, na kinadai mtaji wa dola 100,000, yaani takriban shilingi milioni 13 za Kenya. Mwenye fedha hizo hana sababu ya kushika kichana. Msusi wetu basi ana njia tatu: aajiriwe na mtu, aolewe, au akae bila kibali.

Ghana ilienda mbali zaidi. Sheria yake ya uwekezaji ya mwaka 2013 ilimtaka mgeni anayefanya biashara ya kununua na kuuza awe na dola milioni moja na aajiri Waghana 20 wenye ujuzi. Japani, iliyokuwa ikimtaka mgeni mwenye biashara aonyeshe yen milioni 5, ilipandisha kiwango hicho hadi milioni 30 mnamo Oktoba 2025, pamoja na sharti la kuajiri na la kuijua lugha. Wamiliki wadogo wa migahawa ya Kihindi na ya Kinepali, waliokuwa wamehesabu gharama zao kwa kipimo cha zamani, walijikuta mbele ya kipimo mara sita.

Ujerumani imechagua njia nyingine. Sheria yake ya ukaazi, kifungu cha 21, haina tena kiwango cha fedha. Afisa huuliza kama kuna haja ya biashara hiyo katika eneo husika, kama itakuwa na manufaa kwa uchumi, na kama fedha za kuiendesha zipo. Njia hiyo ni ya haki zaidi kwa mtu mwenye wazo zuri na fedha kidogo, ingawa humtwika mzigo wa kuandika mpango wa biashara kwa lugha ya ugenini na kuutetea mbele ya ofisi. Rwanda nayo haikuweka mtaji wa chini wa kusajili kampuni, na usajili wenyewe hufanyika mtandaoni bila malipo.

Nadhani kiwango cha fedha ni kipimo kibaya. Kinapima kile ambacho mtu amekuja nacho, hakipimi atakachokifanya.

Biashara zilizofungwa

Mbali na mtaji, ipo orodha. Tarehe 28 Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara wa Tanzania, Selemani Jafo, alitia saini amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, akipiga marufuku wasio raia kufanya biashara za aina 15. Ndani ya orodha hiyo umo uuzaji wa bidhaa kwa jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na maduka maalumu ya jumla ya wazalishaji wa ndani, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na vifaa vya kielektroniki, saluni, isipokuwa ya hotelini au ya utalii, usafi wa nyumba na ofisi, uchimbaji mdogo wa madini, usambazaji wa vifurushi, kuongoza watalii, udalali, uwakala wa forodha, ununuzi wa mazao shambani, mashine za kamari nje ya kasino, na viwanda vidogo. Mgeni anayevunja amri hiyo hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na hupoteza kibali chake. Raia anayemsaidia naye ana adhabu yake: shilingi milioni 5 au miezi mitatu jela. Waliokuwa na leseni tayari waliachwa waendelee hadi muda wa leseni uishe.

Kilio kilichozaa amri hiyo kilitoka Kariakoo, na kilikuwa cha kweli. Mfanyabiashara aliyezoea kusafiri hadi China, kununua, kusafirisha na kulipa ushuru, alimkuta mtengenezaji au ndugu wa mtengenezaji amefungua fremu jirani yake na anauza bei ambayo yeye hawezi kuifikia. Kenya ilishuhudia jambo la namna hiyo mwanzoni mwa 2023, duka kubwa la Kichina lilipofunguliwa kwenye jengo la maduka la Chuo Kikuu cha Kenyatta na wafanyabiashara wa Nairobi wakaingia barabarani. Lakini amri ya Tanzania haikutenganisha. Mchina mwenye kontena kumi na Mrundi mwenye mkasi na kitana wamewekwa kwenye mstari mmoja, na serikali ya Kenya ililalamika upesi kwamba Soko la Pamoja limekiukwa.

Orodha za namna hii zina historia ndefu. Sheria ya Leseni za Biashara ya Kenya ya mwaka 1967 iliwazuia wasio raia kuuza bidhaa fulani na kufanya biashara nje ya maeneo yaliyotengwa. Wahindi waliokuwa na pasipoti za Uingereza walianza kuondoka kwa wingi, na Uingereza ikajibu kwa sheria ya mwaka 1968 ya kuwazuia kuingia. Ghana iliwapa wageni wasio na vibali wiki mbili za kuondoka mnamo Novemba 1969, na masoko yake yakapoteza wauzaji wa Kinigeria. Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 mwaka 1972. Sababu iliyotajwa ilikuwa moja kila mahali: mwananchi apewe nafasi. Uganda ilionyesha matokeo machungu kuliko kote, kwani maduka yaligawiwa kwa watu wasiojua mzigo unatoka wapi, na rafu zikabaki tupu. Uzoefu huo haufuti haki ya nchi kuwalinda wauzaji wake. Unafundisha tu kwamba duka lina njia ya mzigo, wakopeshaji na wateja nyuma yake, na hivyo havihamishwi kwa amri.

Upande wa pili wa bahari mambo ni hayo hayo. China haimruhusu mgeni kujisajili kama mfanyabiashara binafsi mdogo, hadhi ambayo Mchina wa kawaida huipata kwa urahisi. Waafrika waliojaa Xiaobei na Sanyuanli, Guangzhou, wakiwemo wengi kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Kinshasa, ilibidi wasajili kampuni kamili, wafungue ofisi za uwakilishi, au watumie leseni ya mke Mchina. Wengine huingia kwa visa fupi, hununua, hukabidhi mzigo kwa wakala wa kontena na kurudi.

Jina la mwenyeji

Panapokosekana njia halali, mgeni hutafuta mtu wa kumkopesha jina. Leseni inaandikwa kwa jina la mzawa, mkataba wa fremu vilevile, akaunti ya benki pia. Mgeni anatoa fedha, anaendesha duka na kumlipa mwenye jina kitu kila mwezi. Nchi za Ghuba ziliishi kwa mtindo huo kwa miongo mingi. Katika Falme za Kiarabu, hadi mabadiliko ya sheria yaliyoanza kutumika Juni 2021, kampuni iliyo nje ya maeneo huru ya biashara ilitakiwa kuwa na mwenyeji mwenye asilimia 51, na wengi wa wenyeji hao walikuwa wabia wa karatasi tu. Saudi Arabia iliamua kupambana: sheria yake ya mwaka 2020 dhidi ya biashara za kujificha nyuma ya jina la raia inafikia kifungo cha miaka mitano na faini ya riyali milioni 5.

Hatari ya mtindo huo ni kubwa kuliko wageni wengi wanavyoielewa, na inafaa ielezwe wazi. Mwenye jina ndiye mwenye duka mbele ya sheria. Akifa, warithi wake wanaweza kudai bidhaa. Akidaiwa na benki, mali iliyo kwa jina lake inaweza kukamatwa. Akibadilika moyo, anabadilisha kufuli. Mgeni akikimbilia mahakamani na karatasi waliyoandikiana pembeni, anakutana na kanuni kwamba makubaliano yenye lengo la kukwepa sheria ni batili. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inalisema hilo katika kifungu cha 23. Kwa maneno mengine, ushahidi anaouleta wa kwamba duka ni lake ndio unaothibitisha kosa lake.

Ubia wa kweli ni kitu tofauti kabisa. Mwenyeji anaweka fedha au kazi yake, hisa zinaandikwa kama zilivyo, faida inagawanywa, na kila mmoja anasaini hundi. Mgeni anayelazimika kupita njia ya mwenyeji afanye hivi, hata kama sehemu yake itakuwa ndogo kuliko alivyotamani. Asilimia 40 iliyoandikwa kwa msajili wa kampuni ina thamani kuliko mia iliyoahidiwa barazani.

Mtaji unatoka wapi

Benki haimjui mgeni. Hana hati ya nyumba ya kuweka rehani, hana historia ya mkopo nchini, na kibali chake kinaisha kabla ya mkopo wenyewe. Kwa hiyo mtaji wa biashara ndogo ya ugenini hutoka karibu kila mara mahali pengine: akiba ya kazi ya kwanza, ndugu, upatu, na mali kauli.

Mali kauli ndiyo kongwe na ndiyo yenye nguvu. Mwenye ghala anakupa bidhaa kwa neno lako, unauza, unarudisha fedha yake na kubaki na faida. Biashara ya misafara ya karne ya 19 iliendeshwa hivyo. Allidina Visram aliwasili Zanzibar mwaka 1863 akiwa kijana mdogo kutoka Kutch, India, akaanza kazi Bagamoyo chini ya Sewa Haji Paroo, yule ambaye jina lake bado limo kwenye wodi ya hospitali ya Muhimbili. Baadaye alijenga mnyororo wa maduka kutoka pwani hadi Uganda. Mnyororo huo ulitegemea vijana walioletwa kutoka kwao: kijana alifika hana kitu, akapewa nguo, shanga na chumvi kwa mkopo, akapangiwa kituo, akauza, akalipa, na hatimaye akafungua la kwake. Hakuna benki ambayo ingemkopesha kijana huyo. Aliyemkopesha alimjua baba yake.

Eastleigh ya miaka ya 1990 ilirudia kanuni hiyo. Baada ya serikali ya Siad Barre wa Somalia kuanguka Januari 1991, Wasomali waliokimbilia Nairobi walipanga vyumba kwenye nyumba za wageni, mojawapo ikiwa Garissa Lodge. Chumba kilikuwa na kazi mbili. Usiku familia ililala. Asubuhi magodoro yaliinuliwa, nguo na vitambaa kutoka Dubai vikatandazwa juu ya kitanda, mlango ukaachwa wazi, na mteja akaingia hadi chumbani kuchagua. Kidogo kidogo wapangaji wakaona chumba kina thamani zaidi kama duka kuliko kama malazi, wakahamia kulala kwingine, na jengo zima likawa soko. Maghorofa ya biashara yaliyojengwa baadaye mtaani humo yalifuata mfano huo. Fedha zilipita kwa hawala, mzigo ulinunuliwa na mtu mmoja kwa niaba ya wengi, na wanawake walichangishana kwa zamu katika mchezo wanaouita hagbad, ambao Mkenya angeuita chama na Mtanzania upatu.

Upatu una faida ambayo haionekani kwenye hesabu. Unamlazimisha mgeni ajulikane na watu ishirini au thelathini wanaomwona kila wiki. Akipatwa na msiba, akikamatwa, akiumwa, wao ndio wanaokuja. Udhaifu wake ni kwamba unamfungia mtu ndani ya watu wa kwao. Mwenye kikundi cha Wasomali watupu au Wakongo watupu anaweza kukaa miaka kumi bila kumjua jirani mwenyeji hata mmoja.

Uchaguzi wa biashara

Wageni hawasambai sawasawa katika biashara zote. Wakongo wa Kampala wamejulikana kwa vitenge na vito vya bandia, Warundi wa Nairobi kwa njugu na kahawa za kutembeza, Wamasai kutoka Tanzania kwa ususi. Mtu wa kwanza hufaulu, humwita mdogo wake, humfundisha, humwonyesha mahali pa kununulia, na baada ya muda kazi inakuwa ya kabila zima.

Mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kongo ana kitu ambacho mwenyeji hana. Anazijua chapa na majina ya maua kwa macho, anajua lipi litavaliwa harusini na lipi ni la nyumbani, na anajua mshonaji atataka mita ngapi. Anaanza kwa kuwauzia Wakongo wenzake, na Waganda wanafuata kwa sababu wanaona nguo inavyokaa. Mgeni anayeanza na kitu anachokijua kuliko wenyeji anashindana na wachache. Anayefungua duka la sukari na unga hana alichowazidi, ila saa za kufungua na faida ndogo, na ndiye anayechukiwa upesi.

Karatasi na fremu

Mpangilio wa karatasi unafanana karibu kila nchi. Unasajili jina au kampuni (BRELA kwa Tanzania, eCitizen kwa Kenya), unachukua namba ya mlipakodi (TIN ya TRA au PIN ya KRA), unapata mahali, unaomba leseni ya halmashauri au ya kaunti, kisha vibali vya fani kama afya kwa chakula. Kwa mgeni kibali cha uhamiaji kinaingia katikati, na hapo mzunguko unaanza: kibali kinataka mkataba wa pango, mwenye nyumba anataka kampuni iliyosajiliwa, na kodi inaanza kuhesabiwa tangu siku ya mkataba wakati mlango hauruhusiwi kufunguliwa. Mtaji wa wengi huishia kwenye miezi hiyo ya kusubiri. Busara ni kuweka ndani ya bajeti angalau kodi ya miezi sita isiyo na mauzo, na kumwomba mwenye fremu kifungu kinachoahirisha kodi hadi leseni itoke. Baadhi hukubali, hasa kama fremu imekaa muda bila mpangaji.

Nchini Tanzania mwenye mgahawa au nyumba ya wageni, shughuli ambazo hazimo kwenye orodha ya 2025, hukutana na mambo mawili yasiyoandikwa ukutani. La kwanza ni kilemba, fedha inayolipwa kwa mpangaji anayetoka ili akuachie eneo lenye wateja, mara nyingi bila risiti. La pili ni kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango. Sheria inamtaka mpangaji aikate kwenye kodi ya mwenye nyumba na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba husema, "Mimi nataka yangu kamili," na mgeni asiyejua hulipa yote, kisha TRA humdai ile kumi kama deni lake. Jambo hili linapaswa kumalizwa kabla ya kusaini, kwa maandishi, kiasi kikitajwa kabla na baada ya makato.

Majirani

Leseni inatolewa na ofisi, lakini usalama wa duka unatolewa na mtaa. Afrika Kusini imelithibitisha hilo kwa damu. Mashambulizi ya Mei 2008 dhidi ya wageni yaliua watu 62, na maduka ya Wasomali na Waethiopia kwenye vitongoji yameporwa mara nyingi tangu hapo. Sheria ilikuwa upande wao: mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Rufaa iliamua, katika kesi ya wafanyabiashara wa Kisomali waliofungiwa maduka Limpopo, kwamba anayeomba hifadhi hawezi kunyimwa leseni ya kujipatia riziki ikiwa hana njia nyingine ya kuishi. Hukumu hiyo ni ya heshima kubwa, na bado haikuweza kusimama mlangoni usiku.

Eastleigh ilionja upande wa dola. Katika msako wa polisi wa Aprili 2014 ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa na kuzuiliwa uwanja wa Kasarani, wengi wakiwa wenye vibali na hata raia. Duka ambalo mwenyewe yuko Kasarani halifunguki, na mteja aliyekuja kutoka Kisumu hasubiri.

Kinga inayopatikana hujengwa kwa mambo madogo yanayorudiwa: kujitambulisha kwa mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa siku za mwanzo, kuajiri kijana wa hapo hapo, kukopesha unga kwa jirani hadi mwisho wa mwezi, kwenda msibani, kuchangia harusi. Lugha inatangulia yote. Muuzaji anayejua kupunguza bei kwa Kiswahili, akasema "basi chukua, utaniongezea siku nyingine", ameshaonekana mtu wa mtaa.

Kufunga

Biashara nyingi za ugenini hufungwa vibaya kwa sababu mwenyewe huondoka akiwa na haraka: kibali kimeisha, mzazi anaumwa nyumbani, fedha zimekwisha. Anauza rafu, anamwachia mtu ufunguo na kupanda basi. Nyuma yake kampuni inabaki hai kwenye daftari la msajili. Mamlaka ya kodi inaendelea kusubiri ritani hata kama mauzo ni sifuri, na kwa Kenya kila ritani ya mwaka inayochelewa ina faini: shilingi 2,000 kwa mtu binafsi na 20,000 kwa kampuni, ikiwa hakuna kodi kubwa zaidi inayodaiwa. Miaka mitano baadaye, mtu akirudi na wazo jipya na mtaji mpya, jina lake linatokea kwenye mfumo likiwa na deni.

Kufunga sawasawa kunachukua wiki chache: kurudisha leseni, kuomba PIN au TIN ya biashara ifungwe, kuomba kampuni iondolewe kwenye daftari, kumalizana na mwenye fremu na kuchukua amana kwa maandishi, na kuwalipa wafanyakazi stahili zao. Mwenye mali ugenini aandike pia wosia, aonyeshe laini ya simu yenye fedha za biashara iko kwa jina la nani na mkataba wa pango umehifadhiwa wapi, kwa kuwa ndugu watakaofika kutoka nchi nyingine hawatakuwa na namba ya siri wala hati ya mahakama ya huko, na bidhaa zitakaa nyuma ya kufuli huku kodi ikiendelea kuhesabiwa.